Iulize prosesa inaweza nini, habari za jina baadaye

Ukifungua kodi ya kerneli yoyote, yaani ule moyo wa mfumo endeshi, yenye umri kidogo, ukaingia kwenye folda za usanifu wa prosesa, yaani x86, ARM, PowerPC, MIPS na wenzake, huwezi kukosa faili moja refu ambalo kila mtu anapita mbali nalo. FreeBSD na NetBSD wanaliita identcpu.c, Linux upande wa PowerPC wana cputable.c, upande wa MIPS wana cpu-probe.c, majina tofauti ila kazi ileile, mashine inapowaka hilo faili ndo linauliza "wewe ni prosesa gani?" afu kutokana na jibu mambo mengi sana yanaamuliwa. Mimi nimekaa na faili la namna hiyo kwa muda mrefu, kwenye kerneli ndogo tunayoitunza watu wachache, na nataka niweke hapa yale niliyoyaona wakati tunalipunguza, manake naona wengi wanaogopa kuligusa na kweli linaogopesha, lakini ukishalielewa ni moja ya sehemu tamu kabisa za kerneli.

Kazi ilianza kwa sababu ya kawaida kabisa. Kila ikitoka prosesa mpya lazima uongeze namba yake sehemu kibao, kwenye faili la utambuzi, kwenye kodi ya saa, kwenye kodi ya kupima joto, kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), kwenye kinga za usalama, na ukiruka sehemu moja hakuna kinacholalamika, kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) inapita, mashine inawaka, ila kuna mahali inatumia njia ya polepole au inakosa kinga fulani na hakuna anayejua. Hilo ndo lilikuwa linaniuma. Sio urefu wa faili, mafaili marefu mbona yapo mengi tu na hayana shida, shida ni kwamba ujuzi mmoja umetawanyika sehemu nyingi na kila sehemu inaujua kivyake.

Tuanze na x86 manake ndo yenye historia nzito. Pale kuna amri inaitwa CPUID, ilikuja na Pentium ya 1993 pamoja na zile 486 za mwishoni. Unaweka namba kwenye rejista ya EAX (rejista ni kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), unaita amri, unapata majibu kwenye rejista nne. Ukiweka sifuri unapata jina la mtengenezaji lenye herufi 12, "GenuineIntel" au "AuthenticAMD", limekatwa vipande vitatu na unavisoma kwa mpangilio wa EBX, EDX, halafu ECX, mtu akivisoma kwa mazoea ya alfabeti anapata "GenuntelineI" na anabaki anashangaa. Ukiweka moja, EAX inakurudishia familia, modeli na stepingi, yaani toleo dogo la chipu, zote zimebanwa kwenye namba moja: biti 0 mpaka 3 stepingi, 4 mpaka 7 modeli, 8 mpaka 11 familia. Biti nne hazikutosha, hivo ikaongezwa modeli ya ziada kwenye biti 16 mpaka 19 na familia ya ziada kwenye biti 20 mpaka 27, na hapo ndo mambo yakaanza kuchanganya watu, kwasababu familia ya ziada unaijumlisha pale tu familia ya kawaida ikiwa 15, lakini modeli ya ziada inaingia hata kwa familia ya 6.

Kwenye kerneli yetu hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa upya kwenye mafaili kadhaa na hazikufanana. Faili moja lilikuwa linaongeza modeli ya ziada kwa familia ya 15 tu. Sasa chukua Skylake ya mezani ya 2015, modeli yake ni 0x5E (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Ukiidondosha ile 5 ya mbele inabaki 0xE, na familia ya 6 modeli 0xE ni Core Duo ya 2006, ile ya Yonah, ambayo hata biti 64 haijui. Kwahiyo sehemu moja ya kerneli ilikuwa inajua iko kwenye Skylake na sehemu nyingine ya kerneli hiyohiyo, wakati huohuo, inaamini iko kwenye laptop ya 2006. Na mashine inafanya kazi! Hiyo kodi ilikuwa inachagua tu muda wa kusubiri kabla prosesa haijaingia usingizini, kwahiyo madhara yake yalikuwa betri kuisha mapema kidogo, nani ataleta malalamiko ya hivo.

Hatua ya kwanza ikajileta yenyewe. Hesabu ifanyike sehemu moja, mara moja, matokeo yakae kwenye strakti, yaani fungu la data, ya kila prosesa, na kodi nyingine yoyote isiguse tena ile EAX ghafi. Afu tukaunganisha mtengenezaji, familia na modeli ziwe namba moja ya kulinganisha. Linux nao walifanya hivo hivo 2024, kule sehemu inaitwa x86_vfm, kwasababu kwa miaka mingi kodi iliandikwa kwa kudhani kwamba ukisema Intel umesema familia ya 6. Haikuwa dhana ya ajabu, tangu Pentium Pro ya 1995 Intel wamekaa familia ya 6 karibu muda wote ukiacha Pentium 4 iliyokuwa familia ya 15. Ila siku familia ikibadilika, kila mstari unaosema "kama modeli ni kadhaa" bila kutaja familia unageuka kuwa bagi, yaani kosa la kodi. Namba ikiwa moja huwezi kusahau kipande, hakuna kipande cha kusahau.

Lakini hiyo ilikuwa ni kufagia tu. Kitu kikubwa tulikiona baada ya kufagia, pale ambapo sasa unaweza kusoma fanksheni yote bila kuumwa kichwa. Lile faili lilikuwa linajibu maswali matatu kwa pumzi moja: prosesa hii ni nani, inaweza nini, na ina kasoro gani. Ndani ya swichi moja, yaani kodi inayochagua njia kwa kulinganisha thamani, kwenye kesi moja, unakuta mstari wa kwanza unaandika jina la kuchapisha kwenye logi, wa pili unawasha biti ya uwezo fulani, wa tatu unazima kitu kwasababu ya kasoro ya chipu, wa nne unachapisha ukubwa wa kashe. Maswali yote matatu yalikuwa yanajibiwa kwa kutumia jina. Na ukiacha lile la nani, jina ni jibu sahihi kwa swali moja tu, lile la kasoro.

Chukua swali la uwezo. Kodi ya zamani ilikuwa imejaa vitu kama "kama ni Intel na modeli ni kubwa kuliko hii, basi amri fulani ipo". Inaonekana ina mantiki ila imebeba dhana mbili na zote mbovu. Dhana ya kwanza, kwamba namba za modeli zinapanda na miaka. Hazipandi. Kaby Lake ya mezani ya mwanzoni mwa 2017 ni 0x9E, Ice Lake ya laptop iliyokuja 2019 ni 0x7E, ndogo kuliko ya mwenzake aliyemtangulia. Dhana ya pili, kwamba chipu zenye modeli moja zina uwezo mmoja. Hazina. Skylake zilizouzwa kwa jina la Pentium zina familia na modeli ileile na za Core i5, ila AVX, amri za kuchakata namba nyingi kwa mpigo, imezimwa. Ukiamua kwa jina, kerneli inaruhusu AVX, programu ya kwanza kuitumia inakufa na kosa la amri isiyojulikana. Na hapo bado hatujagusa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, ambako haipavaiza, programu inayoisimamia, inaweza kuamua tu kuficha uwezo fulani hata kama chipu ya chini inao, labda ili mashine pepe iweze kuhamishwa kwenda seva nyingine yenye chipu ya zamani. Jina litabaki lilelile, uwezo umebadilika. Ndo maana nasema iulize prosesa yenyewe, biti za uwezo zipo kwa kazi hiyo, mwenye kujua ni yeye.

Kuna ndugu mmoja tunayefanya naye kazi, mkubwa kwangu, ameanza kuandika kerneli kabla yangu, alinipinga sana hapo. Akaniambia, "Mdogo wangu, biti nazo hudanganya." Na alikuwa na hoja nzito. Mfano wake ulikuwa SEP, biti ya 11 kwenye EDX ya jibu la moja, inayosema prosesa ina amri za SYSENTER na SYSEXIT za kuingia na kutoka kwenye kerneli haraka. Pentium Pro za mwanzo zinaiwasha hiyo biti lakini amri zenyewe haziungi mkono, na mwongozo wa Intel wenyewe unakwambia uangalie familia, modeli na stepingi kabla hujaiamini, chochote cha familia ya 6 chini ya modeli 3 stepingi 3 usikiamini. Tulibishana, tukaenda na kurudi, na kutoka kwenye ubishi huo ndo tukapata umbo zuri la kodi, kwahiyo namshukuru kwa dhati. Umbo lenyewe ni hivi: kwanza unasoma biti zote kama zilivyo. Halafu unapita kwenye jedwali la marekebisho, ambalo ndo sehemu pekee yenye haki ya kutaja jina la prosesa, na kila mstari unasema prosesa za kuanzia hapa mpaka hapa, futa biti hii, au washa alama ya kasoro hii. Baada ya hapo hakuna anayeuliza jina tena. Kodi ya kuingia kwenye kerneli inauliza "SEP ipo?" na inapata jibu la kuaminika, haina haja ya kujua kwamba duniani kuliwahi kuwa na Pentium Pro.

Jedwali lenyewe wazo lake sikulibuni, nililiona kwenye PowerPC. Kule kuna rejista moja inaitwa PVR, biti 16 za juu ni aina ya prosesa na 16 za chini ni toleo, POWER8 ni 0x004D, POWER9 ni 0x004E, na Linux wana jedwali ambalo kila mstari una maski (inayosema biti zipi ziangaliwe) na thamani, unachukua PVR, unaipitisha kwenye maski, ikilingana na thamani umepata mstari wako. Basi. Hakuna swichi ndani ya swichi. Ukitaka kuongeza prosesa unaongeza mstari, na mtu anayepitia pachi yako, yaani badiliko ulilolituma, anaona mstari mmoja wa data badala ya kufuata matawi ya "kama" na "la sivyo" akijiuliza lipi linafikiwa. Nilipokuwa napitia pachi za watu kwenye kodi ya zamani nilikuwa natumia muda mwingi sana kuhakikisha tu kwamba kesi mpya haijazibwa na kesi ya juu yake.

Kitu kingine kuhusu uwezo ambacho naona kinasahaulika: kuna orodha mbili, sio moja. Kuna ambayo chipu inasema inaweza, na kuna ambayo kerneli imekubali iwe inatumika. AVX tena ni mfano mzuri. Biti ya AVX ikiwa imewaka haitoshi, kerneli lazima iwe imewasha XSAVE, njia ya kuhifadhi rejista, kwenye rejista ya udhibiti ya CR4 na kuruhusu hali ya AVX kwenye nyingine inayoitwa XCR0, manake isipojua kuhifadhi zile rejista pana wakati wa kubadilisha programu, data ya programu moja itavuja au kuharibika kwa nyingine. Afu uwezo unategemeana, ukiondoa XSAVE lazima AVX iondoke, na AVX ikiondoka AVX2 nayo iondoke. Zamani hayo yalikuwa yameandikwa kwa mkono kila mahali panapozima kitu. Tukatengeneza jedwali dogo la nani anamtegemea nani, na fanksheni moja ya kufuta ambayo inaendelea kufuta mpaka hakuna kilichobaki kinachoning'inia. Mistari michache imefuta mingi sana.

Sasa ARM, ambako nilijifunza zaidi, labda kwasababu nilifika nikiwa na akili ya x86. Kule ARM ya biti 64 kuna rejista inaitwa MIDR_EL1. Ukisoma 0x410FD034 unaigawa hivi: 0x41 ni mtengenezaji, hapa ni ARM wenyewe, 0 ni varianti, F ni alama inayosema usiangalie hapa kuhusu usanifu nenda kwenye rejista za utambulisho, D03 ni Cortex-A53, na 4 ya mwisho ni marekebisho, kwahiyo ni A53 r0p4. Safi sana, hakuna mambo ya ziada juu ya ziada. Na uwezo uko kwenye rejista zingine kama ID_AA64ISAR0_EL1 na ID_AA64PFR0_EL1, zimegawanywa vipande vya biti nne nne, na kawaida sifuri ni hakuna, namba ikipanda uwezo umeongezeka. Nimesema kawaida. Kipande cha hesabu za desimali, FP, kwenye ID_AA64PFR0_EL1 kimekaa kinyume: sifuri maana yake ipo, na 0xF maana yake haipo. Yaani ni namba yenye alama, 0xF ni hasi moja. Kwenye kodi yetu ya zamani kila kipande kilikuwa kinasomwa kwa mkono, kuhamisha biti na kuchuja, kwahiyo aliyeandika alilazimika kukumbuka hilo kila mara. Sasa kila kipande kina mstari kwenye jedwali unaosema kiko biti gani, kina alama au hakina, na upande gani ni salama.

Na hilo neno salama lina uzito wake, kwasababu ARM ndo walioleta big.LITTLE, chipu moja yenye viini vya aina mbili, A53 ndogo zinazookoa betri na A72 kubwa zenye nguvu, programu inahama kati yake bila kujua. Kodi yetu ilikuwa inasoma rejista kwenye kiini cha kwanza kuwaka na kudhani wengine wote wako hivohivo. Kuna chipu moja ya simu ya 2016 ambayo watu wa kerneli wanaikumbuka, viini vikubwa vilikuwa na mstari wa kashe wa baiti 128 na vidogo baiti 64, programu inayotengeneza kodi ya mashine ikiwa inakimbia inasoma ukubwa mara moja iko kwenye kiini kikubwa, inahamishwa kwenda kidogo, inafuta kashe kwa kuruka baiti 128, nusu ya mistari haifutwi, na inakufa sehemu ambayo haina maana yoyote. Dawa yake Linux ni kukusanya rejista za viini vyote na kutengeneza thamani moja ya mfumo, kila kipande kikichukua jibu ambalo ni salama kwa wote, kwa uwezo mwingi hiyo ni ndogo kuliko zote. Tukafuata njia hiyohiyo. Strakti ikawa moja kwa kila kiini, na moja ya mfumo mzima inayotokana nazo, na kodi yote ya juu inauliza ile ya mfumo.

Ila kasoro ni tofauti! Kasoro unauliza kwa kila kiini, na ukiikuta kwenye kimoja tu mfumo mzima unaweza kulazimika kujikinga. A53 ina ile kasoro namba 843419, amri ya ADRP, ya kupata anwani, ikikaa kwenye baiti nane za mwisho za ukurasa wa kilobaiti 4, na ikifuatwa na mpangilio fulani wa amri, anwani inayopatikana inaweza kuwa si sahihi. Kinga yake inafanyika wakati wa kuunganisha kerneli na wakati wa kupakia moduli, yaani kipande cha kerneli kinachoongezwa baadaye, huwezi kusema moduli hii itakimbia kwenye A72 tu. Kwahiyo uwezo unachukua kilicho kwa wote, kasoro inachukua kilicho kwa yeyote. Tulipoandika sentensi hiyo juu ya faili kama maelezo, ubishi mwingi wa kwenye pachi uliisha.

RISC-V ilikuja mwishoni na ilitupa raha manake umbo lilikuwa tayari. Kule rejista za jina, mvendorid, marchid na mimpid, ziko kwenye hali ya mashine, ngazi ya mamlaka iliyo juu ya kerneli, kerneli haizisomi moja kwa moja, inaomba kwa njia ya SBI, mlango wa kuongea na programu ya ngazi hiyo. Uwezo unaandikwa kwa maneno, "rv64imafdc" na kuendelea, kwenye maelezo ya vifaa ambayo kerneli inapewa ikiwaka. Hapo mtego ni kwamba zamani herufi "i" ilibeba pia amri za kusoma rejista za udhibiti na FENCE.I, baadaye, kwenye toleo la 2019 la vipimo, vikatengwa vikawa Zicsr na Zifencei, kwahiyo neno la zamani lisilovitaja halimaanishi havipo. Ndo maana ikaja sifa mpya ya riscv,isa-extensions inayotaja kila kimoja kwa jina lake. Mstari mmoja kwenye jedwali la marekebisho, tukasonga mbele.

Turudi x86 kidogo kwa jambo ambalo kwangu mimi ndo lenye faida kubwa kuliko yote. CPUID sio amri ya bei rahisi. Inasimamisha mtiririko wa prosesa, na ndani ya mashine pepe ya Intel kila ukiiita lazima utoke kwenda kwa haipavaiza na kurudi, haikwepeki. Sasa kerneli yetu ilikuwa na sehemu zinazoiita kila mara, nyingine kwenye njia inayopitwa na kila programu. Tukatenganisha kusoma na kutafsiri. Kuna fanksheni moja fupi sana inayosoma majibu yote ya CPUID na kuyaweka kwenye kumbukumbu, haifikirii chochote. Halafu fanksheni zingine zote zinapokea hizo namba na kutoa tafsiri, haziigusi prosesa kabisa. Unajua maana yake? Maana yake unaweza kuzijaribu popote. Mtu yeyote mwenye mashine ya ajabu anakutumia namba zake kwenye faili la maandishi, unaziweka kwenye folda ya majaribio, na kuanzia siku hiyo kila pachi inajaribiwa dhidi ya mashine ambayo hujawahi kuigusa. Tafsiri ya ARM tunaijaribu kwenye mashine za x86. Zamani kuligusa hili faili ilikuwa ni kuombea tu kwamba mwenye ile seva ya zamani atajaribu na kurudisha majibu, na mara nyingi harudishi, ndo maana watu waliogopa. Uoga ule haukuwa wa kijinga.

Kusoma lakini kuna utaratibu wake. Kuna mpangilio wa BIOS, programu inayoiwasha mashine, uliowekwa kwa ajili ya Windows NT 4.0 ambayo ilikuwa inashindwa prosesa ikitaja namba kubwa za CPUID, unazuia namba ya juu kabisa, ni biti ya 22 kwenye rejista ya 0x1A0, na mtu akiuacha umewaka kerneli inaona prosesa masikini, kwahiyo unaizima hiyo biti kabla hujasoma. Ukiuliza namba iliyozidi ya juu, Intel hawakurudishii sifuri, wanakurudishia jibu la namba ya mwisho iliyopo, takataka inayofanana na jibu, kwahiyo msomaji lazima aangalie mpaka kila mara, na kwasababu msomaji ni mmoja anaangalia sehemu moja. Na maikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa yenyewe, ikipakiwa mpya unasoma upya. Baada ya Spectre na Meltdown, zile kasoro za usalama za prosesa, kutangazwa Januari 2018 maikrokodi zilileta biti mpya kabisa, ya 26 na 27 kwenye EDX ya jibu la 7, za kinga zinazoitwa IBRS na STIBP, kerneli iliyosoma kabla ya hapo inadhani kinga haipo wakati ipo.

Majina ya kuchapisha tuliyatoa kabisa kwenye kerneli. Jedwali la majina ya kibiashara halina kazi yoyote pale, x86 yenyewe inatoa jina la herufi 48 ukiiuliza 0x80000002 mpaka 0x80000004, na ARM ambayo haitoi jina, programu ya lscpu ina majedwali yake upande wa mtumiaji na inatosha. NetBSD nao wana cpuctl identify, maelezo marefu yanachapishwa na programu, mtu akiyataka anayaomba. Jina jipya la chipu halihitaji tena kerneli mpya. Kuna waliolalamika kwamba logi ya kuwaka imekuwa kavu, nawaelewa, ile mistari mirefu ilikuwa inapendeza, ila tumewachia namba ghafi kwenye logi, na kwenye ripoti ya bagi namba ghafi inasaidia kuliko jina.

Kufuta prosesa zilizokufa ilikuwa ngumu kwa moyo tu, kiufundi rahisi. Tulikuwa na kodi ya kujaribu biti ya 21 ya rejista ya EFLAGS kujua kama CPUID ipo, ilikuwa inakimbia hata kwenye biti 64 ambako ipo siku zote. Tulikuwa na kodi ya prosesa za zamani za Cyrix, ambako CPUID ilikuwepo ila imezimwa na unaiwasha kupitia mlango 0x22 na 0x23, kodi nzuri, iliyoandikwa na mtu aliyejua anachofanya. Linux waliondoa prosesa ya 386 kwenye toleo la 3.8 la 2013, na sisi tukakubaliana chini ya Pentium Pro hatushuki. Niliisoma yote kabla ya kuifuta na ujumbe wa komiti, yale maelezo yanayobaki kwenye historia ya kodi, niliuandika mrefu, ueleze ilikuwa inafanya nini, ili akitokea mtu anayeitaka aipate na aielewe.

Utaratibu wa kufuta wenyewe: kwa muda tuliacha kodi ya zamani na mpya zikimbie zote mbili, mashine ikiwaka zinalinganisha majibu na kutaja tofauti, bila kubadilisha chochote kingine. Tofauti zilizotokea nyingi zilikuwa za kodi ya zamani, kama ile ya Yonah. Pachi zilikuwa ndogo ndogo, ya kuhamisha haibadilishi tabia, ya kubadilisha tabia haihamishi kitu, na hiyo ndo iliyowafanya wenzangu wakubali kuzipitia.

Sasa hivi niko kwenye chipu mseto za x86, kuanzia Alder Lake ya 2021. Viini vikubwa na vidogo vinarudisha familia na modeli ileile, kinachowatofautisha ni jibu la 0x1A, biti 24 mpaka 31 za EAX, 0x40 ni Core na 0x20 ni Atom. Yaani jina halitofautishi tena hata ndani ya chipu moja. Ile strakti ya kila kiini tuliyoitengeneza kwa ajili ya ARM imeingia pale karibu bila kuguswa, kilichobaki ni kaunta za vipimo vya kasi ambazo hazifanani kati ya aina hizo mbili, na jedwali la marekebisho kuweza kutaja aina ya kiini. Ikishapita hiyo ndo tunaenda MIPS, rejista ya PRId na swichi yake ndefu, bado iko vilevile kama tulivyoikuta.